Toleo la Kwanza Litoke Keko

Kijana mwenye kompyuta mpakato na kichwa kilichojaa mambo ya teknolojia, acha kutupa macho Masaki. Kampuni ya jarida la teknolojia la Kiswahili, ikitaka kuzaliwa Dar es Salaam na kukua mpaka iajiri watu, pa kuzaliwa ni Keko.

Najua umecheka. Keko ni sofa. Keko ni vitanda vya mninga vilivyopangwa kando ya barabara, makabati yanayosubiri mteja amalizie pesa ndipo yapigwe vanishi, na mlio wa randa tangu asubuhi hadi giza linapoingia. Mtu wa Tegeta ukimwuliza kitu kingine cha Keko atakutajia gereza, basi. Nani afungue ofisi ya uchapishaji katikati ya vumbi la mbao? Wewe. Tena vumbi hilohilo ndilo litakalouza toleo lako la kwanza, na nitakuonyesha kwa namna gani.

Tuanze na ukweli mchungu, maana hamasa isiyopitia kwenye ukweli ni kelele tu. Jarida linalotaka kuishi kwa kutangaza simu mpya limekufa kabla halijaenda kiwandani. Habari ya simu mpya humfikia msomaji akiwa kwenye daladala, bure, saa ileile simu inapozinduliwa, wakati wewe bado unabishana na mchapaji kuhusu rangi ya jalada. Wakubwa hawakupona. Byte, jarida la Marekani lililoanza 1975 na kusomwa na watu wa kompyuta dunia nzima, liliacha kuchapishwa 1998. Computerworld, lililoanza 1967, lilitoa nakala yake ya mwisho ya karatasi huko Marekani mwaka 2014. Ukisikia hayo huku una vijisenti vyako mkononi, unaweza kukata tamaa ukaenda kuuza kava za simu.

Usiende bado. Mwaka 2012 huko Uingereza kilitoka kikompyuta cha bei ndogo kiitwacho Raspberry Pi, ukubwa wake kama kadi ya benki, kilichokusudiwa kuwafundisha vijana kuandika programu. Waliokinunua wakaanza kufundishana, na mwaka huohuo baadhi yao, watu wa kujitolea, wakaanzisha jarida lililoitwa The MagPi. Miaka 3 baadaye wenye Raspberry Pi wakalichukua likawa jarida lao rasmi. Mwishoni mwa 2015 wakabandika kompyuta nzima kwenye jalada, ile ya dola 5 iitwayo Raspberry Pi Zero. Watu waligombania nakala mpaka zikaisha madukani. Angalia mwaka huo. Computerworld lilikuwa limeiaga karatasi mwaka mmoja tu uliotangulia, na hapa karatasi iliyoanzishwa na watu wasio na mshahara ilikuwa inagombaniwa.

Computerworld liliuza habari, The MagPi liliuza ufundi. Habari ikishasomwa imekwisha. Ukurasa unaoeleza waya upi uende wapi hukaa mezani mwezi mzima karibu na chuma cha kusolda, unachafuka, unakunjwa, jirani anauazima na kuurudisha umepungua kona. Hapo ndipo pesa ya mchapishaji mdogo ilipo, na hapo ndipo Keko inapoingia.

Simama kwenye mataa ya VETA, pale Barabara ya Chang'ombe inapoungana na Barabara ya Nyerere, uhesabu wasomaji wako. Chuo cha VETA kiko palepale na vijana wake wanaojifunza kazi za mikono. Ukiendelea na Barabara ya Chang'ombe unakuta Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Dar es Salaam, DUCE, kilichoanza 2005, kinachowapika walimu, wa sayansi wakiwemo. Keko yenyewe, kuanzia Magurumbasi na Toroli hadi Mwanga na Machungwa, ina mafundi seremala, wapaka rangi, wachomeleaji, na akina dada wanaoshona vitambaa vya sofa. Kuna eneo la viwanda la Chang'ombe. Bodaboda ya muda mfupi inakufikisha Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwenye simu za jumla na mafundi wa kuzifufua. Watu wote hao wanaishi kwa teknolojia kila siku, lakini nenda kwenye meza ya magazeti iliyo karibu nao. Michezo ipo, siasa ipo, udaku upo. Cha kumsaidia fundi kesho asubuhi kazini, tafuta mpaka uchoke.

Wapo watakaokuambia mafundi hawasomi. Mimi nakataa katakata. Fundi anasoma bei ya mbao kila wiki, anasoma vipimo, anasoma namba za tokeni za LUKU zote 20 bila kukosea, anasoma meseji ya mteja iliyokuja na picha ya kitanda cha Italia ikisema nitengenezee kama hiki. Asichosoma ni maandishi yaliyoandikwa kana kwamba yeye hayupo duniani. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari kama alifika akakutana na Kiingereza, na mashine aliyoinunua imekuja na kijitabu cha Kichina chenye tafsiri ya Kiingereza ambayo hata Mwingereza hawezi kuielewa. Kijitabu hicho kiko juu ya kabati kimejaa vumbi. Kazi ya kampuni yako ni kuandika kitakachoshushwa kwenye kabati.

Sasa rudi kwenye lile vumbi. Mwaka 1995 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani, iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na maeneo yanayoizunguka. Vumbi la mvule linajulikana kwa kuleta pumu na kuwasha ngozi. Fundi aliyepiga msasa mvule maisha yake yote anajua kifua chake kinavyokoroma usiku, ila hajui kwamba kinga inaweza kutengenezwa palepale Keko. Anahitaji feni yenye nguvu ya kunyonya, bomba, pipa, na koni ya bati. Hewa yenye vumbi inaingizwa kwa ubavuni mwa koni, inazunguka kwa kasi, chembe nzito zinatupwa ukutani na kuanguka kwenye pipa, hewa inatoka juu. Vumbi jepesi kabisa bado litapita, kwa hiyo mdomo wa kutolea hewa uelekezwe nje ya karakana au uwekewe chujio, na barakoa isivuliwe. Makala hiyo ichorwe vizuri, vipimo viwekwe kwa inchi na kwa sentimita, maana mbao Tanzania inauzwa mbili kwa nne lakini mashine inasoma milimita. Weka orodha ya vitu vya kununua na majina yake ya dukani. Ukimaliza, mpe fundi mmoja atengeneze mbele yako kwa kufuata karatasi yako tu, wewe ukae kimya. Popote atakapokwama, umeandika vibaya. Rekebisha.

Kurasa zinazofuata zitoke kwa mafundi wenyewe. Ingia karakana ya kwanza, amkia, kaa kwenye benchi, uliza: mzee wangu, kitu gani kinakula pesa yako hapa? Atakuambia mota imeungua tena. Hapo una makala. Mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja haisimami palepale. Inaendelea kuzunguka ikivuta umeme mwingi kwenye fezi zilizobaki, inapata joto, inaungua, na fundi anadhani ameuziwa mota feki. Kuna kifaa kidogo cha kulinda fezi ambacho kingeikata mapema, na bei yake haifikii gharama ya kuisuka upya mota hiyo. Mwingine atakuambia wateja wanalalamika kwamba sofa kwenye picha ni kahawia na ikifika nyumbani ni nyekundu. Hiyo ni makala ya kupiga picha kwa simu kwenye mwanga wa asubuhi, bila taa ya njano ya dukani. Dada wa vitambaa atauliza namna ya kupiga hesabu ya mita za kitambaa ili vipande visibaki. Kwa karakana moja umepata nusu ya jarida, na hujalipa hata senti kwa ajili ya intaneti.

Anayedhani jarida ni kitu kidogo mno kubadili maisha ya mtu, asikie hili. Januari 1975 jarida la Popular Electronics la Marekani liliweka kwenye jalada lake kompyuta ya kujiundia mwenyewe iitwayo Altair 8800. Kijana mmoja, Paul Allen, aliliona kwenye kibanda cha magazeti karibu na Chuo Kikuu cha Harvard, akalinunua, akakimbia nalo kwa rafiki yake Bill Gates. Mwaka huohuo wakaanzisha Microsoft. Majina hayo umeyasikia mpaka umeyachoka, ila huenda hukujua kwamba mlango wao ulikuwa meza ya magazeti.

Na sisi tulikuwa wapi mwaka huo? Mwaka 1974 serikali yetu ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Siwacheki wazee wetu. Fedha za kigeni zilikuwa hazitoshi, na mashine zilizokuwa Wizara ya Fedha zilikuwa zimekula hela na kuleta hasara. Televisheni Tanzania Bara ilikuja mwaka 1994. Nayataja haya kwa sababu moja: tumechelewa kwa amri na kwa umaskini, hatukuchelewa kwa kukosa akili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake kutoka Sweden walitoa programu ya ofisi iliyoongea Kiswahili, Jambo OpenOffice. Ilionyesha kwamba lugha hii inaweza kubeba kompyuta nzima, menyu zake na ujumbe wake wa makosa. Miaka 20 na zaidi imepita. Kisingizio kwamba mambo ya kompyuta hayaandikiki kwa Kiswahili kilizikwa siku ile; anayekifukua leo ni mvivu.

Mtaji je? Swali hili nalisubiri. Mwaka 1937 mwenye duka mmoja wa hapa Dar es Salaam, Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, alianzisha gazeti la Kiswahili akaliita Kwetu. Lilikuwa gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Fikiria hali yenyewe: utawala wa Mwingereza, wasomaji wachache, na sokoni tayari lipo Mambo Leo, jarida la kila mwezi lililotolewa na idara ya elimu ya serikali tangu 1923, likiwa na mashairi, barua na mafunzo ya kila aina. Serikali ina mtambo na fedha, yeye ana duka. Akalitoa. Likasuasua, likakosa fedha, likatoka hivyohivyo kwa zaidi ya miaka 10. Wewe una simu inayopiga picha kuliko kamera yoyote aliyowahi kuiona Fiah, na una programu za bure za kupanga kurasa. Halafu unaniambia unasubiri mfadhili.

Hata hivyo hesabu lazima zipigwe, tena kabla ya kuchora nembo. Mchapaji wa ofseti analipwa kwanza kwa kutengeneza pleti na kuandaa mashine, na gharama hiyo ni ileile ukichapa nakala 500 au 5,000. Ndiyo maana nakala ya kwanza ni ghali mno na ya elfu ni nafuu. Kurasa zako zigawanyike kwa nne, kwa sababu karatasi moja ikikunjwa na kupigwa pini katikati inatoa kurasa nne; 32 ni idadi nzuri ya kuanzia. Karatasi ya kung'aa iachie jalada. Kurasa za ndani zinaweza kuwa za kawaida, maana fundi ataandika juu yake kwa penseli, na karatasi ya kung'aa haikubali penseli.

Chukua mfano wa kubuni, mchapaji wako atakupa namba zake. Umechapa nakala 1,000 kwa shilingi 1,500 kila moja, umetumia 1,500,000. Bei ya jalada ni 3,000, muuzaji anabaki na 1,000, wewe unapata 2,000. Zimeuzwa 700, zilizobaki zimerudi. Umeingiza 1,400,000. Umepungukiwa 100,000, na bado hujajilipa wala hujamlipa mchoraji. Watu wengi wanafia hapa, tena wanakufa wakisema Watanzania hawasomi, kumbe wameuza asilimia 70 ya nakala zao! Sasa ongeza matangazo mawili ya shilingi 300,000 kila moja, moja la muuza mbao, lingine la duka la vanishi na msasa. Hasara imegeuka kuwa 500,000 za kubaki. Matangazo hayo huyatafuti kwenye kampuni kubwa za simu, ambako utaambiwa acha barua mapokezi. Unayapata kwa muuza sponji aliye mkabala na karakana, anayewaona wasomaji wako kwa macho yake kila siku na kujua majina yao.

Zile nakala 300 zilizorudi nazo zina lao la kusema. Usiziuze kwa muuza karanga. Zipeleke VETA, zipeleke DUCE, ziache kwenye kila karakana iliyokujibu maswali. Walimu watarajiwa wa DUCE ndio hazina ambayo wachapishaji wa mjini hawaioni: leo yuko Chang'ombe, kesho kapangiwa Namtumbo au Kibondo, na amebeba jarida lako kwenye begi. Huyo ni wakala wako wa mkoa, hujamlipa nauli.

Usambazaji ndio unaotenganisha kampuni na mtu mwenye wazo zuri. Shujaaz, kitabu cha katuni cha vijana wa Kenya, kilipoanza Februari 2010 hakikutegemea maduka ya vitabu. Kiliingizwa ndani ya gazeti la Daily Nation na kuachwa kwa mawakala wa M-Pesa, pale ambapo kijana anakwenda hata asiponuia kusoma. Ndani yake mlikuwa na hadithi za DJ Boyie, na katikati ya hadithi mbinu za kilimo na za kujipatia kipato. Mwaka 2012 kikapata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Hapa kwetu Femina ilianza jarida lake 1999, na baadaye jarida la Fema likapenya katika shule za sekondari nchi nzima kupitia klabu za wanafunzi, kwa nakala zaidi ya 100,000 kwa toleo. Hizo zilikuwa na wafadhili nyuma yao, wewe huna, sawa. Lakini njia walizotumia ziko wazi kwa yeyote. Wakala wa pesa wa mtaani kwako ana kaunta. Duka la vifaa vya ujenzi lina kaunta. Fundi simu ana foleni ya watu wanaosubiri na hawana la kufanya, kwa sababu simu zao ndizo zinazotengenezwa! Sijui kama kuna msomaji bora kuliko huyo. Mikoani mzigo unapanda basi kituo cha Magufuli pale Mbezi, na malipo yanarudi kwa simu kabla basi halijafika Chalinze.

Sasa tuje kwenye kukua, maana nimesema kampuni. Mwaka 1985 Mwingereza Chris Anderson, mwandishi wa magazeti ya kompyuta, alichukua mkopo wa benki usiokuwa mkubwa akaanzisha Future katika mji mdogo wa Somerset, mbali na London. Jarida lake la kwanza, Amstrad Action, halikuwa la kompyuta zote. Lilikuwa la wenye kompyuta za Amstrad peke yao. Alichukua kundi moja, akalihudumia mpaka likaridhika, kisha akaenda kwa kundi lingine na jarida lingine. Mwaka 1994 Pearson waliinunua Future kwa pauni milioni 52.5. Baadaye kampuni ikakimbilia mambo makubwa ya biashara za intaneti, na mwaka 2001 upepo wa kampuni za intaneti ulipokata, Future ikafunga majarida na kupunguza watu. Haikufa. Ilirudi kwenye kile inachokijua, na mpaka leo ipo kwenye soko la hisa la London. Huyo Anderson ndiye aliyeichukua TED, ile mikutano ya hotuba unazozitazama usiku wakati unapaswa kulala.

Kwa hiyo toleo la kwanza liwe la mafundi mbao. La mafundi mbao peke yao, bila aibu. Utashawishika kuweka kurasa 2 za simu, 2 za michezo ya kompyuta, 1 ya mahusiano ili kupata watu wengi. Kataa. Wakishalikubali mafundi mbao, wachomeleaji watakufuata wenyewe kuuliza la kwao liko wapi, maana Keko watu wanaonana. Hapo unatoa la pili, kwa mchoraji yuleyule, mchapaji yuleyule, wauzaji walewale. Kampuni ya majarida inakua hivyo, kwa kuongeza kundi juu ya kundi huku gharama za ofisi zikibaki palepale.

Na jarida lenyewe halitabaki kuwa karatasi tu. Huko Nairobi, CIO East Africa iliyoongozwa na Harry Hare ilianza kama jarida la Kiingereza la wakuu wa vitengo vya kompyuta, kisha ikajenga mikutano na tuzo za kila mwaka za CIO100, ambapo kampuni hulipa ili zikutane na wasomaji wake. Jarida liliwakusanya watu, mkusanyiko ukaleta fedha. Ya kwako haihitaji hoteli ya Naivasha. Jumamosi moja, uwanja wa shule, mwenye mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta aje aionyeshe ikichonga mlango, kiingilio kidogo, wauza mashine walipie meza. Uwanja wa Sabasaba uko Temeke hiyohiyo. Ipo siku utafika huko na banda lako mwenyewe.

Kuna shimo moja nataka ulikwepe, na hapa nitakuwa mkali. Atakuja muuza mashine na bahasha. Atataka uandike kwamba randa yake ni bora, na wewe umeiona ikikwama mbele yako. Pesa hiyo ni kubwa kuliko tangazo la muuza sponji. Ukiipokea, fundi atakayenunua randa hiyo kwa akiba yake ya mwaka atakuja ofisini kwako, kwa sababu anajua ulipo, uko Keko, si Masaki nyuma ya geti. Mjibu muuzaji kwamba tangazo ni ukurasa ule wenye neno tangazo juu yake, na bei ni hii. Mpe na ofa nyingine: alete mashine, mafundi watatu waitumie wiki moja, utaandika watakachosema. Akikataa, umeshajua la kuandika.

Taratibu za serikali zipitie mapema, zisikutishe. Jina la biashara unalisajili BRELA kwa mtandao, namba ya mlipakodi TRA, leseni ya biashara Manispaa ya Temeke. Jarida linalotoka mara kwa mara linahitaji leseni ya Idara ya Habari, MAELEZO, chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na leseni hiyo huhuishwa kila mwaka. Nenda na nakala za kila karatasi, nenda asubuhi, salimia vizuri. Aliyekwenda na faili lililokamilika hurudi na hadithi fupi.

Timu ya kuanzia? Watu wanne wanatosha: mwandishi, mchoraji, mtu wa kuuza matangazo asiyeona haya, na fundi. Huyo wa mwisho usimwache. Awe fundi kweli, mwenye alama za patasi mkononi, mwenye mamlaka ya kusema makala hii ni uongo itoeni. Mhariri mwenye shahada atakuonyesha koma zilizokosewa. Fundi atakuonyesha mahali ambapo msomaji angekatwa kidole. Mlipe kama mhariri, na jina lake liandikwe ukurasa wa pili pamoja na lako.

Sasa ondoka. Usiende kufungua akaunti ya kampuni kwenye mitandao, hiyo fanya usiku. Nenda karakana ya kwanza na daftari. Wapo watakaokufukuza, muda wao ni pesa. Nenda ya jirani. Wapo watakaokuuliza jarida litatoka lini, na hapo ndipo utatetemeka, kwa sababu kulitoa moja si kazi ngumu sana. Mjomba atachangia, marafiki watanunua kwa kukuonea huruma, utapiga nalo picha. Kampuni inaanza toleo la pili, wakati huruma imekwisha na wamebaki wasomaji. Kwa hiyo tarehe ya toleo la pili ichape kwenye jalada la nyuma la toleo la kwanza, kwa herufi kubwa, kabla hujajua hela ya mchapaji itatoka wapi.